Herufi Zilizoumuka

Kutoka Butembo mpaka Walikale, mwaka ule, tulitumia karibu mwezi mzima, na sehemu kubwa ya mwezi huo niliipitisha nimekaa juu ya magunia ya chumvi. Lori lilikuwa la Papa Paluku, mfanyabiashara wa kwetu Butembo, mtu mfupi mwenye sauti ya kanisani, ambaye hakuanza safari yoyote kabla ya kusali rozari na kupiga teke kila gurudumu. Alikuwa anakwenda kufungua duka Walikale wakati ambapo watu wengi wenye akili walikuwa wanatoka huko. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, sina kazi, nina burashi mbili na sifa ya mwandiko mzuri. Akanichukua ili nimwandikie jina la duka. "Duka bila jina iko sawa mutoto bila ubatizo," aliniambia. "Shetani anaiita vile anataka." Tulifika Goma bila shida, lakini Sake tulikwama, kwa sababu njia ya Masisi ilikuwa imefungwa na mapigano. Tukakaa pale sokoni siku baada ya siku, tukila sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga na ugali wa muhogo, tukisikiliza wanawake waliouza makaa nyuma ya lori letu. "Kule juu banapigania nini?" mmoja aliuliza. "Banasema ng'ombe." "Na ng'ombe zenyewe zinasema nini?" "Zinasema mutukamue kwanza, kisha mupigane." Njia ilipofunguka tulipanda milima kwa gia ya kwanza, katikati ya ukungu, na Papa Paluku akanunua jibini ya Masisi, duara nzima, akaikata kwa kisu cha kufungulia magunia. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile juu ya chumvi ya mtu mwingine.

Lori liliishia Masisi. Daraja la mbele lilikuwa limeungua, kwa hiyo mzigo ulipaswa kupakuliwa na kubebwa migongoni, kupitia Nyabiondo, mpaka ndani ya msitu. Tulipokuwa tunatafuta wabebaji, mvua ya alasiri ilitufukuza tukajificha barazani mwa jengo lililokuwa baa zamani, wakati nchi inaitwa Zaire na vijana wanavaa suruali pana chini. Milango ilikuwa imeng'olewa, mabati nusu. Lakini ukuta wa mbele ulikuwa bado na rangi, na juu yake palikuwa na neno moja, BAR, kisha chini yake herufi chache zilizobaki kutoka jina ambalo hakuna mtu aliyelikumbuka: O, L, E. Nilizitazama, nikasahau mvua. Shuleni nilikuwa nimejifunza herufi nyembamba, zinazosimama wima kama wanafunzi mbele ya bendera. Hizi zilikuwa zimekaa. Zilikuwa nene, za mviringo, zimebanana kama watu kwenye benchi la harusi, matumbo yao yamelegea kuelekea chini, na tundu la A lilikuwa dogo kama punje ya haragi. Rangi ilikuwa ya chungwa, na kivuli cha kahawia upande wa kulia. Zilionekana kama zimetoka kusikia mzaha na zinangojea mwingine. Nikachana kartoni ya sabuni, nikaokota kaa, nikaanza kuzinakili, maji yakinidondokea shingoni. Papa Paluku akauliza ninafanya nini. "Ninachukua duka yako, Papa," nikamwambia.

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki mjini Goma, katika chumba ambamo vijana wanachapa karatasi za watu, pamoja na Riziki, ambaye mwaka ule alikuwa fundi wa kushona pale Walikale na sasa ni mama mwenye wajukuu. Mama yake, ambaye jina lake mwenyewe lilikuwa Neema na sote tulimwita Mama Neema, alikuwa amefariki. Nilisikia habari nikiwa Kampala, nikapanda basi, kwa sababu mimi kupanda basi si jambo la kufikiria mara mbili. Tangu mwaka ule sijakaa mji mmoja mpaka nikachoka nao. Tulikwenda kutengeneza karatasi ya misa. Kijana alifungua mashine yake akaanza kutuonyesha aina za herufi, moja baada ya nyingine, haraka, kama mtu anayepepeta mchele. Halafu nikaziona. Matumbo yale yale, tundu lile lile la haragi. "Hizi hapana," kijana akasema, akizipita. "Hizi ni za zamani, zimerudi. Ni za kermesse, za sikukuu, za chupa ya jus, za T-shirt. Haziko za matanga." Riziki akamshika mkono. "Rudisha. Weka ile ku jina ya mama." "Mama, bantu batacheka." "Bacheke. Yeye alikuwa anacheka." Kijana akanitazama mimi, akitumaini kwamba mwanaume atakuwa na busara. Kanuni ya kazi ilikuwa upande wake, na hata mimi mwenyewe nimewafundisha wengine hivyo: herufi za namna hii ni za salamu, haziwezi kubeba hotuba. Zipe neno moja, mawili, makubwa, yaliyobanana. Ukiziandikia mstari mrefu zinaanza kuhema. Na huzipeleki kwenye msiba. Lakini mashine ilipoandika NEEMA, zile E mbili zimekaa bega kwa bega, nilimwambia aziache hivyo hivyo. Nilimuuliza kijana nani alizitengeneza. "Iko mu mashine, Papa," akanijibu. "Hakuna muntu alizitengeneza."

Walikale, basi. Tulishuka kutoka milimani tukiwa na matope mpaka magotini, joto likatupokea kama chungu kilichofunuliwa. Barabara moja kubwa, nyumba za mbao, msitu umesimama nyuma ya kila ua. Watu wa kila upande walikuwa wamejaa pale: wachimbaji, wabebaji, wakimbizi wa Masisi waliotoka kwenye mashamba yao, wafanyabiashara wa kwetu wenye picha ya Bikira Maria juu ya kila mizani. Papa Paluku alitaka duka liitwe MAISON DE CONFIANCE, nyumba ya kuaminika. Nikamweleza kwamba sina M, sina I, sina S, sina N. Nina B, A, R, L, O na E. "Na hizo zingine?" "Zilianguka na ukuta, Papa." Angeweza kuniambia niandike kwa herufi za shule, na kweli aliniambia. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na kartoni yangu, na nilikuwa nimetembea na kartoni ile kifuani, chini ya shati, siku zote za msituni. Nikazigeuza zile herufi kichwani mchana kutwa, na jioni nikamletea neno: BORA. Alilisema polepole, mara mbili, kwa sauti ya kanisani. "BORA. Peke yake?" "Peke yake." "Haina saint, haina maison, haina et fils ya batoto yangu?" "Mutu akiona BORA, anaingia. Akiona maison de confiance, anajiuliza umemwibia nani." Akacheka kidogo tu, akanipa bati na rangi ya chungwa. Siku nilipomaliza, watoto walikuja kugusa O. Waliamini ina kitu ndani.

Kesho yake Mama Neema alivuka barabara akiwa na mwiko mkononi. Alikuwa mwanamke wa Masisi, Muhunde kwa kabila, mkulima wa maharagi na viazi mpaka vita ilipomshusha kutoka mlimani na Riziki, binti yake mmoja, na masufuria yake yote. Sasa alikuwa na malewa, mgahawa wa mbao wenye mabenchi matatu, ambako asubuhi alipika mandazi na mchana sombe ya majani ya muhogo na lituma ya ndizi za kupondwa. "Wee pentre," akaniita, yaani mpaka rangi, na tangu siku hiyo hilo likawa jina langu. "Mimi nataka ile maandiko ya Papa Paluku. Uandike KULA KWANZA." "Kwanza, kisha nini, Mama?" "Kisha useme shida yako. Hapa bantu banaingia na shida mbele ya kula, njo maana banagombana." Nilimwambia ukweli: K sina, U sina, N sina, W sina, Z sina. Akanikalisha kwenye kona ya meza yake, karibu na jiko, nijaribu kuzibuni. Nilichora nikafuta mpaka kartoni ikawa nyeusi. Herufi zangu mpya zilikuwa zimevimba, lakini zilivimba kama mguu ulioteguka. Hazikuwa ndugu wa zile za Masisi. Mama Neema akakata kipande cha unga uliokandwa, akakisukuma kwa kiganja kikawa kama kamba, akanitupia. "Andika na hii."

Nikakunja N. Akainyanyua kwa vidole viwili akaitumbukiza kwenye mafuta. Nakumbuka tuliinama wote wawili juu ya sufuria kama watu wanaochungulia kisimani. Unga ulizama, ukafikiri, ukapanda juu, na ukaanza kuumuka mbele ya macho yangu: pembe zikawa mviringo, miguu ikapata matumbo, na ule mshazari wa katikati ukabaki mwembamba. Akaitoa akaiweka juu ya kartoni. Ilikuwa N. Ilikuwa dada wa BAR. "Unaona?" akasema. "Fasi ulivuta, iko nyembamba. Fasi uliacha, inapata tumbo. Wewe ulikuwa unavuta kila fasi." Sikuwahi kupata somo jingine la kuchora lililozidi hilo, na nimekaa na mafundi wa miji mingi. Tukakaanga alfabeti. Kila asubuhi nilikunja herufi, yeye akazikaanga, mimi nikazichora haraka zikiwa bado zinatoa mvuke, kisha wateja wakazila. Ikawa mchezo wa mtaa mzima. "Mama, mimi uniletee M, iko na nyama mingi." "I haishibishi, hiyo umupe mwalimu." K ilinitesa kwa sababu mguu wake ulikatika kwenye mafuta kila mara, na siku iliyotoka nzima, mbebaji mmoja aliyekuja na njaa aliila kabla sijaigusa na penseli. Nilimkimbiza mpaka nje. "Kaka, rudisha!" "Nirudishe namna gani?" akauliza, mdomo umejaa, na benchi zima likaanguka kwa kicheko. Tulipomaliza Z nilikuwa nimenenepa, na nilikuwa na alfabeti nzima.

Sijui kuelezea furaha ya miezi iliyofuata bila kuonekana kama mtu anayesahau vita. Hatukuisahau. Tuliisikia siku nyingine upande wa Masisi, kama mtu anayeburuta meza kwenye chumba cha jirani. Lakini katikati ya hayo kila mtu alitaka herufi zilizoumuka. Kinyozi alitaka KICHWA SAFI. Mwenye baiskeli alitaka NIPITE kwenye ubao wa nyuma. Riziki alikata herufi kwa mabaki ya kitenge akazishona migongoni mwa timu ya mpira, na wachezaji wakawa wanakimbia mbele ya watazamaji kinyumenyume ili migongo yao isomwe. Nilijifunza kazi kwa kugombana na wateja. Muuguzi wa zahanati alinikaribisha niandike DAWA, halafu akarudi akilalamika: "Mugonjwa anafika, anaona maandiko, anaanza kucheka. Atakuwa na imani gani na sindano?" Mama Neema aliyekuwa anapita na kikapu akamuuliza, "Akicheka, homa inaongezeka?" Lakini muuguzi alikuwa na haki, nikamwandikia upya, wima, kwa rangi ya kijani. Seremala wa majeneza naye alizitaka, nikamkatalia. Akaniambia nina kiburi. Kila herufi ina sauti yake, na mtu mwenye sauti ya ngoma humpeleki kunong'oneza. Nilikuwa nalala nikiwaza mapengo kati ya A na V.

Wenye silaha walioshika mji wakati ule nao waliziona. Walikuwa na kizuizi chao kwenye njia ya kutokea Walikale kwenda Musenge na Hombo, mti uliolazwa barabarani, ambao sisi tuliuita barieri, na kila aliyepita aliacha kitu. Siku moja komanda wao alinitumia vijana wawili kuniita. Hakukuwa na swali la kukubali au kukataa. Alinipa ubao mrefu akataka uandikwe SIMAMA, kwa herufi zile zile za duka la Papa Paluku, kwa sababu alizipenda. Nikaandika. Lilikuwa jambo la kuchekesha kupita kiasi: barieri ya bunduki yenye herufi kama mandazi. Watu waliopita waliuma midomo, na vijana wa barieri walijivunia ubao wao, waliupangusa kila asubuhi.

Halafu, mwanzoni mwa kiangazi, ambacho kule hakikosi mvua, habari ikaja na wabebaji kutoka upande wa Musenge: kundi jingine, adui wa hawa wetu, lilikuwa linapanda kuja Walikale. Katika kila senta waliyoingia walitafuta kwanza marafiki wa wale waliotangulia, na hawakuuliza maswali mengi. Palipokuwa na alama ya adui mlangoni, duka lilibebwa lote na mwenyewe akachukuliwa. Komanda wetu na vijana wake wakaondoka asubuhi moja bila kuaga, wakaacha mti wao barabarani na ubao wangu juu yake. Saa ile ile mfanyabiashara mmoja akaona, akakimbilia uani kwa Papa Paluku, na baada ya muda mfupi tulikuwa tumejaa pale wote. Papa Paluku alinionyesha kwa kidole kutoka pale uani: ubao wa barieri kule mbali, na bati la BORA hapa. SIMAMA na BORA. Mkono mmoja, tumbo moja, kivuli kimoja. Mtu yeyote mwenye macho angesema hawa ni wa nyumba moja, na nyumba hiyo ni ya komanda aliyekimbia. Na si BORA peke yake. Kinyozi, malewa, mwenye baiskeli, timu ya mpira. Nilikuwa nimeutia mtaa mzima alama.

"Tuchome ule ubao," kinyozi akasema. "Wabebaji bote banaujua, mpaka Hombo banausimulia," Papa Paluku akajibu. "Tufute zetu, basi." "Rangi hakuna ya kufunika. Na ukuta wenye imefutwa leo, muntu anauliza ulikuwa unasema nini jana." Kuna mtu alisema polepole kwamba kama mwenye mkono ulioandika atajulikana, labda wengine wataachwa, na hakuna aliyenitazama. Mama Neema alikuwa amesimama karibu na mlango na mwiko wake. "Mukiwa bantu kumi, na mumoja wenu anavaa kofia nyekundu, munamujua," akasema. "Mukivaa bote kofia nyekundu, nani ataonekana?" "Mama, hatuko na kofia." "Tuko na kuta."

Adui walikuwa siku mbili nyuma, wabebaji walisema. Sijawahi kufanya kazi namna ile, wala kuona mji unafanya kazi namna ile. Rangi yangu iliisha kabla ya adhuhuri ya kwanza, tukaenda kwenye udongo mwekundu wa kingo za mto Lowa, kwenye chokaa nyeupe, kwenye masizi ya masufuria yaliyochanganywa na mafuta ya mawese. Nilizunguka na kaa, nikachora mipaka ya herufi, nikasonga, na nyuma yangu watu wakajaza: akina mama, mafundi, katekista, wachimbaji waliokuwa hawajui kusoma wakajaza tumbo la B kwa uangalifu kama wanapaka mtoto mafuta. Kanisa likapata SALI. Shule ikapata SOMA. Chemchemi ikapata MAJI. Choo cha soko kikapata CHOO, na watu wakagombea nani akijaze. Muuguzi akaja mwenyewe, uso chini: "Pentre, unirudishie zile za kucheka." Seremala wa majeneza alisimama mlangoni kwake akiniangalia tu, nikamwandikia POLE, kubwa. Mzee mmoja wa Masisi, mkimbizi aliyekuwa analala kwenye banda la mbuzi, hakutaka neno lolote nililompa. Alitaka LUSHEBERE, mahali pa shamba lake. "Neno iko refu, Mzee," nikamwambia, "litahema." "Lihemee hapa," akasema. "Mimi mwenyewe nilipanda na nikashuka nikihema." Nikamwandikia kwenye banda zima, pande tatu. Kufika alasiri ya pili, mipaka yangu haikuhitajika tena. Watu walikuwa wanaandika wenyewe, vibaya, kwa nguvu, na nilipopita kwenye vichochoro nikakuta herufi ambazo sikuzijua, A zenye makalio, S zenye mimba, maneno ambayo sitayaandika hapa. Riziki alikuwa juu ya kiti, mikono myekundu mpaka viwikoni. "Wee, rekebisha hii yangu." "Haina kosa," nikamwambia, na ilikuwa nayo mengi.

Waliingia asubuhi. Ofisa wao alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, alitembea katikati ya barabara na askari wawili nyuma yake wamebeba ubao wa SIMAMA kama ngazi. Akasimama mbele ya BORA. Akainua mkono, wakaunyanyua ubao ukutani, akalinganisha. Papa Paluku alikuwa mlangoni, rozari mfukoni, nikaona vidole vyake vikitembea kwenye kitambaa. "Nani aliwaandikia hii?" Papa Paluku akasema, "Njo maandiko ya hapa, Chef." "Ya hapa namna gani?" "Ya hapa kwetu. Bantu bote banaandika vile." Ofisa akamtazama kama mtu anayetazama mwongo, akavuka barabara. Kinyozi: ile ile. Malewa: ile ile. Akaenda kanisani, wakaupandisha ubao chini ya SALI. Shuleni. Zahanati. Sisi tulimfuata kwa mbali. Mwisho akafika kwenye choo cha soko, na askari mmoja akasoma kwa sauti, herufi moja moja, "Si, hashi, o, o." Hakuna aliyecheka, mpaka ofisa alipocheka mwenyewe, pua tu. Akasema watupe ubao. Nikahisi soko zima linashusha pumzi.

Lakini alikuwa amezipenda. Hilo ndilo hatukulihesabu. Akageuka akasema kwamba mahali ambapo watu wote wanaandika, lazima kuna mmoja aliyewafundisha, na huyo anamtaka, aandike gari lake na kila barieri wanakokwenda, na aondoke nao. "Nani njo mwalimu?" Kila mkono uliokuwa pale ulikuwa na rangi. Akaokota kaa, akaamuru wanaume tuandike A kwenye ukuta wa soko, mmoja mmoja. Kinyozi akaandika. Papa Paluku akaandika, ulimi nje. Kaa likanifikia. Na nikaelewa kwamba mkono wangu haujui A nyingine. Ulikuwa unaenda wenyewe, kama mguu kwenye ngazi za nyumbani. Nikaona pembeni Mama Neema akiwa amekunja mikono, ananitazama vile alivyotazama mafuta. Nikavuta. Nilivuta kila mahali, bila kuacha hata sehemu moja ipate tumbo, jasho likinitoka, mpaka ikasimama pale kavu na iliyopinda. Ofisa akainama akaitazama kuliko alivyotazama nyingine zote. "Hii iko A," akauliza, "ao iko mbuzi yenye kukosa majani?" Watu wakacheka, na wao walicheka kutoka ndani ya tumbo, kwa hofu iliyokuwa inatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kuchekwa kwa ajili ya herufi, na sijawahi kupokea sifa iliyonipendeza zaidi. Mvua ikaanza kudondoka. Akalitupa kaa, akasema atamtafuta huyo mwalimu kesho.

Jioni ile Mama Neema aliniwekea lituma mbele, sahani mbili, bila kuniambia kula kwanza. Papa Paluku alikaa upande wa pili wa meza. Nikawaambia kwamba hatari imepita, hataweza kunijua, nimeshaandika vibaya mbele yake. "Na kesho?" Mama Neema akauliza. "Kesho nitaandika vibaya tena." "Na mwezi kesho? Utakaa hapa, burashi mukononi, uandike vibaya kila siku?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. "Siku moja utasahau. Utaandika muzuri, siyo sababu unataka. Mukono yako haijue kunyamaza." Nilimtazama Papa Paluku anisaidie, na yeye akasema tu kwamba kuna wafanyabiashara wanaotoka kwenda Hombo, wanaondoka mvua ikikatika, na wanaweza kunichukua kama mbebaji. Sikubishana. Mji mzima ulikuwa umejaa herufi zangu, na pale ndipo palikuwa mahali pekee duniani ambapo sikuweza tena kuandika hata moja. Riziki alinisindikiza mpaka nyumba ya mwisho ya mji, tukiongea juu ya timu ya mpira.

Barieri ilikuwa imesimamishwa tena, mti ule ule. Askari mmoja, karibu umri wangu, alikuwa amepiga magoti barabarani mbele ya ubao mpya, amemaliza tu kuandika kwa masizi na mawese. SIMAMA. Alikuwa ameangalia mji akaiga. S yake ilikuwa nzuri, nzuri kweli, ilikuwa imekaa. Lakini alikosa nafasi upande wa kulia, akaibana M ya pili mpaka ikainamia A ya mwisho na kuilalia kabisa. Alituona tunakuja na mizigo, akaunyanyua ubao, akaushika kifuani kama mtu anayepigwa picha. "Kaka," akaniambia mimi, kwa sababu nilikuwa wa kwanza, "angalia. Iko muzuri?"

Nilikuwa na gunia kichwani na mikono yote miwili juu, na nashukuru kwa hilo. Nikaitazama M. Ilihitaji kidole kimoja tu, masizi yalikuwa bado mabichi.

"Iko muzuri sana, kaka," nikasema.

Akacheka kwa furaha, akainua mti. Nikapita, na sikupunguza mwendo mpaka kona ya kwanza, kwa kuogopa kwamba nikisimama nitarudi kuinyanyua M ile.